Jinsi ya Kujenga Mnara Bila Kugusa Hesabu

Utahitaji maboksi matatu ya friji, gundi ya unga wa ngano ya kujaza ndoo ndogo, manila za rangi, nyembe kumi na mbili ambazo mwalimu mkuu hatakiwi kuziona, na rula nne za mbao. Mojawapo ya hizo rula imekatika kwenye sentimita 22. Hilo ni tisa. Kumi ni kwamba mwanzo wake nao umeliwa na meno ya mtu, kwa hiyo inaanzia 3. Utahitaji pia watoto 84 wa Darasa la Saba, na wiki tatu kabla ya Siku ya Wazazi. Kama una wiki moja tu, usijisumbue kusoma. Nenda moja kwa moja kwa fundi seremala.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Hisabati aliyechoka. Umefundisha uwiano mara tatu, umefundisha skeli mara nne, na kila ukiandika swali ubaoni macho 168 yanaangalia dirishani. Halafu siku moja, kwenye semina, mtu mwenye suti anakwambia kwamba watoto hujifunza kwa vitendo. Wakijenga modeli za majengo mashuhuri watapata uwiano, eneo, ujazo na Pithagoras vyote kwa mpigo, tena bila kiboko. Unarudi shuleni umeamini. Mimi niliamini. Kwa faida yako wewe ambaye bado una akili zako, nimeeleza hapa namna ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama: modeli zionekane, mgeni rasmi apige makofi, na hesabu isiguswe hata kwa kidole.

Anza na makaratasi. Katika andalio la somo, penye zana, andika: modeli. Penye tathmini andika mapema kabisa, kabla hujaingia darasani, kwamba asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo. Ndivyo tunavyoandika wote. Asilimia 80 ya 84 ni wanafunzi 67 nukta 2, na katika miaka yangu yote ya chaki hakuna aliyewahi kuniuliza huyo wa nukta mbili anakaa dawati gani.

Sasa chagua jengo, na kanuni ni moja tu: liwe mbali. Jengo la karibu ni la hatari, maana mtoto anaweza kuondoka Jumamosi na kamba ya kuanikia nguo ya mama yake akaenda kulipima. Walimu wenye akili huchagua Mnara wa Eiffel. Uko Paris, hakuna mzazi aliyefika, na watoto wanaujua kutoka kwenye fulana za mitumba na mapazia ya sebuleni. Una mita 330 ukihesabu na antena yake. Kwa skeli ya 1:1000 unapata sentimita 33, yaani rula nzima na kipande. Wape vijiti vya mishikaki na gundi, kaa chini, sahihisha madaftari.

Usiseme neno lolote kuhusu uzito. Nakusihi. Mimi nilisema. Niliona kundi limetulia mno, nikataka kujionyesha, nikawaambia kwamba chuma cha mnara ule ni tani 7,300. Kisha nikauliza, kwa mzaha tu, huu wetu ungekuwa na uzito gani kama nao ungejengwa kwa chuma kilekile, kwa skeli ileile. Mikono ikapanda kabla sijamaliza. Gawa kwa elfu, mwalimu: tani 7.3. Nikauliza nani anaijua tani. Mtoto wa dereva akasema yeye anaijua. Tani saba ni fuso ya baba yake ikiwa imejaa saruji. Wote wakageuka kuuangalia ule mnara wa sentimita 33 uliokuwa juu ya meza yangu, meza ambayo mguu wake mmoja ni tofali.

Likazuka zogo. Kila mtu alijua tani saba haiwezekani na hakuna aliyejua kosa liko wapi, maana kugawa kulikuwa sahihi. Mwishowe msichana mmoja akaomba maboksi ya viberiti. Akayapanga yakawa mnara, akaondoa nusu ya juu, akasema: huu haujawa mdogo, huu umeketi tu. Ili uwe mdogo kweli, upana nao lazima upunguzwe nusu, na unene nao. Akayapunguza, na mkononi mwake likabaki fungu moja kati ya manane. Basi kwetu ni elfu mara elfu mara elfu. Tani 7,300 gawa kwa bilioni moja, geuza ziwe gramu: gramu 7.3.

Hakuna aliyekubali. Ikabidi tutafute kitu chenye uzito huo. Karatasi ya fotokopi ya A4, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ukizidisha 21 kwa 29.7 unakuta ina gramu 5 hivi. Chuma chote cha Mnara wa Eiffel, kwa skeli ile, ni karatasi moja na nusu. Wakabeba wa kwao hadi kwa mangi mbele ya geti, akauweka kwenye mzani wa sukari: gramu 400 na ushee. Mnara wetu wa vijiti ulikuwa mzito kuliko ule wa chuma zaidi ya mara hamsini. Mangi akauliza kama tunauza kwa kilo.

Vipindi viwili vya hesabu tupu vikapotea namna hiyo. Usirudie kosa langu.

Mlima Kilimanjaro si jengo, lakini kila shule sharti iwe nao, la sivyo mtaonekana hamna uzalendo. Huundwa kwa udongo wa mfinyanzi na kileleni hunyunyiziwa sembe. Umbo lake linajulikana nchi nzima: ni kawa. Kundi langu lilitoa mlima wa sentimita 40 kwenda juu na nusu mita chini kwa upana, mzuri wa kubandikwa kwenye chupa ya maji. Ulikuwa umeshakauka, umeshapakwa rangi, mpaka mtoto mmoja ambaye kwao ni Moshi akataka kuonyesha kwao ni wapi. Alikuwa na kibendera cha karatasi kwenye njiti ya kiberiti. Akaniuliza akichomeke wapi.

Ningemwambia popote. Badala yake nikamwambia kwamba kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Uhuru ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na kwamba katika hizo kilomita 30 unapanda kama kilomita 5, kwa kuwa Moshi iko chini ya mita elfu moja na kilele kina mita 5,895. Akahesabu kwa vidole. Kama kilomita 5 ni sentimita 40, kilomita 30 ni mara sita yake, sentimita 240. Kibendera cha Moshi kikatembea kutoka mezani, kikavuka njia, kikafika dawati la tatu na kuchomekwa katikati ya daftari la mwenzake, ambaye alikataa katakata kuhamia Kilimanjaro. Tukajaribu upande wa pili: Moshi ikae sentimita 30 kutoka kileleni, tuone mlima unabaki na urefu gani. Sentimita 5.

Kwa skeli ya kweli, mlima mrefu kuliko yote Afrika ni chapati iliyofura katikati. Walikasirika sana, wakaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeupunguza. Baki na kawa.

Daraja la Nyerere la Kigamboni linapendeza, ila lina mtego. Lilifunguliwa mwaka 2016, lina urefu wa mita 680 na upana wa mita 32, njia sita za magari. Kwa skeli ya 1:500 linatoka mita 1 na sentimita 36, na dawati letu lina mita 1.2, kwa hiyo upande wa Kigamboni ukabaki unaning'inia hewani. Hilo halina shida, wapitaji watajua namna. Mtego ni magari. Lazima kuna mtoto ataleta kigari cha plastiki cha mdogo wake na kukiweka darajani kwa furaha. Mwache. Kikiwa na sentimita 7 kwa 3, ni gari la mita 35 kwa 15, limekula karibu nusu ya daraja, na wewe kama kweli hutaki hesabu utasema "safi sana" na kuendelea na safari. Mimi niliuliza kama amewahi kuona gari hilo pale Kurasini.

Gari ndogo ya mita 4 na nusu, kwa skeli hiyo, ni milimita 9. Punje ya mchele. Daladala ni harage. Wakachanga mchele kutoka majumbani, bila ruhusa ninavyofahamu, wakapanga foleni ya saa kumi na moja jioni, na harage moja limesimama vibaya likipakia abiria mahali pasipo na kituo. Mmoja akataka kujua daraja likijaa kabisa linabeba punje ngapi. Kila gari mita 5 pamoja na nafasi ya kupumulia, 680 gawa kwa 5 ni 136, mara njia sita: 816. Halafu akaanza kuzidisha kwa tozo. Hapo nilimkatiza nikamwambia hiyo ni Uraia.

Kuhusu Beit al-Ajaib ya Unguja nitasema machache. Usikubali kundi liseme tu "tunajenga Beit al-Ajaib" bila kutaja mwaka. Sultani Barghash aliijenga 1883. Mnara wa saa uliouona kwenye picha uliunganishwa kwa mbele baadaye, 1897. Na Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Watoto watatu wa kundi moja walikuwa wanajenga nyumba tatu tofauti, na kila mmoja alikuwa na picha ya kuthibitisha.

Inaweza kutokea ukalazimika kupima kitu cha kweli, kwa mfano kitu ambacho urefu wake hauko kwenye kitabu wala kwenye simu. Mbinu inayofundishwa ni ya kivuli. Ni ya zamani. Inasimuliwa kwamba Thales wa Mileto aliwapimia Wamisri piramidi lao hivyo, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli chake, unapima kivuli cha mnara, unatafuta uwiano. Siri ya kuikwepa hesabu hapa ni kuchagua saa. Wengi hukosea wakaenda asubuhi.

Mimi niliwatoa saa sita na nusu mchana, mwanzoni mwa Machi, kupima mlingoti wa bendera kama mazoezi. Themanini na nne, mistari miwili, monita na kamba. Tulipofika uwanjani mlingoti haukuwa na kivuli. Tukauzunguka. Fimbo ya mita nayo haikuwa na kivuli. Watoto walitazama miguu yao, wakakuta vivuli vyao vimejikunja chini ya viatu kama paka anayeogopa mvua. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Thales alibahatika kuwa na piramidi kaskazini. Mwalimu wa zamu alikuwa kivulini mwa ofisi, akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Mwalimu, mmepoteza nini?"

Ilikuwa mbinu kamili, kipindi kimekwisha na hesabu haijaguswa, lakini sikuwa na busara ya kuishia hapo. Kesho yake nikawatoa tena saa nne asubuhi. Fimbo ya mita 1 ilitupa kivuli cha sentimita 80. Mlingoti ulitupa kivuli cha mita 5.6. Kama sentimita 80 ni mita nzima, mita 5.6 ni ngapi? Walipiga hesabu wamechuchumaa, kwa vijiti, kwenye mchanga, wakagombana, wakafuta kwa viganja, na jibu la mita 7 lilipotoka kulikuwa na mtu aliyetaka kuupanda mlingoti na kamba ili kuhakikisha. Baada ya hapo hapakukalika. Walipima mwembe wa uani, tangi la maji, na mwalimu wa Kiswahili, ambaye kwa mujibu wa kivuli alikuwa mrefu kuliko anavyosema.

Sasa nije kwenye njia ya uhakika, ambayo nimeiweka katikati ili wavivu wa kusoma wasiipate. Wape modeli kama kazi ya nyumbani. Mtoto atamwambia mama saa tatu usiku kwamba inatakiwa kesho. Mama atampigia baba. Baba atakwenda kwa fundi. Wenzetu Wakenya wanalijua hili vizuri: tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchi nzima mwaka 2019, kuna wazazi waliolalamika wazi kwamba wao ndio wanaorudi shule, wanakata manila usiku wa manane huku mwenye kazi amelala. Kwetu hatulalamiki, tunalipa.

Nililetewa Fort Jesus ya mninga. Sikutarajia. Ilikuwa imepigwa msasa na vanishi, ngome zake nne zimechongoka sawasawa, geti lina bawaba. Mreno aliyeanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 angeona wivu. Nikampigia mtoto makofi, nikamwita mbele ya darasa.

"Hongera sana. Hebu tuambie, skeli yake ni ngapi?"

"Elfu kumi na tano, mwalimu. Mwanzo alitaka ishirini."

Siku moja nilipita kwa huyo fundi. Alikuwa anaunga fremu ya mlango. Akapima sentimita 60 upande mmoja akatia alama, 80 upande wa pili akatia alama, kisha akanyoosha futi kutoka alama hadi alama, akagonga ubao kwa nyundo mpaka futi ikasoma mita moja kamili. Nikamwambia hiyo ni Pithagoras. Akasema hapana, hiyo ni tatu-nne-tano, alifundishwa na mjomba wake Tandika. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Mtoto aliyeleta Fort Jesus hakuwahi kusimama pale hata dakika moja. Alitumwa tu kuichukua.

Kundi la msonge ndilo lililonitia hasara kubwa. Tulikwenda Kijiji cha Makumbusho, pale barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na wao wakaipenda nyumba ya msonge ya Wahaya, ile ambayo nyasi zake zinashuka kutoka kileleni mpaka karibu ardhini. Hesabuni mwetu hilo ni koni. Vitabu vingine huiita pia, na pia ni sawa. Nilidhani hapa nitapumzika, kwa sababu kila mtoto wa Dar es Salaam anajua kukunja koni: amemwona muuza karanga. Walikunja manila kumi na moja kwa mtindo wa karanga. Zote zilitoka na kilele kirefu kama sindano na chini pamekatika mshazari. Msonge wa namna hiyo unamfaa mtu mmoja, mwembamba, aliyesimama.

Nyumba yao kwa skeli ilitakiwa iwe na nusu kipenyo cha sentimita 12 chini, na mteremko wa sentimita 18 kutoka kileleni hadi ukingoni. Yule msichana wa viberiti, aliyekuwa amehamia kundi hili kwa sababu ya ugomvi wa gundi, alichora duara la sentimita 18, akakata mstari mmoja hadi katikati, akaanza kuondoa vipande kama mtu anayekata keki ambayo hakualikwa. "Mwalimu," akasema, "nikitoa robo inakuwa kawa. Nikitoa nusu inakuwa karanga." Nikamwambia aendelee kujaribu, maana ndiyo njia bora ya kumnyamazisha mtoto. Akanyamaza. Akawa anakunja, anapima chini kwa ile rula inayoanzia 3, anatoa 3 kichwani, anakunjua, anakunja tena. Ulimi ulikuwa nje pembeni ya mdomo. Gundi ya unga ilikuwa imemkaukia hadi kwenye viwiko, inapasuka kama tope la kiangazi. Baada ya nusu saa akaja na msonge uliokaa sawasawa na kipande alichokitoa. "Theluthi," akasema. "Lakini kwa nini theluthi?"

Swali kama hilo likishaulizwa, hakuna mwongozo utakaokuokoa. Mzingo wa chini wa msonge ni wa duara la 12. Mzingo wa karatasi ni wa duara la 18. Kumi na mbili ya kumi na nane ni theluthi mbili, theluthi mbili ya nyuzi 360 ni 240, hizo unabaki nazo, 120 unazitupa. Niliyaandika ubaoni kwa mstari mmoja. Akayatazama, akatazama kipande chake, akakipima kwa kipimapembe: 118. Akaniambia ubao wangu umekosea kwa nyuzi mbili.

Nilikuwa nimebakiza watoto tisa waliochelewa kuandikisha jengo. Waliniuliza mnara gani umebaki. Nilikuwa nimechoka, nikawaambia jengeni hili darasa mlilokaa. Ulikuwa mzaha, na wakaubeba kama amri.

Darasa letu lina mita 9 kwa 7. Kwa skeli ya 1:50 likawa boksi la sentimita 18 kwa 14, bila paa ili ndani paonekane. Madawati 28 ya mabua, kila moja sentimita 2.4. Meza yangu na tofali lake. Nje wakasimamisha mwembe wa uani, ule waliokuwa wameupima kwa kivuli wakapata mita 12: kijiti cha mwarobaini cha sentimita 24, mrefu kuliko jengo mara nne, jambo ambalo kila aliyeona alisema ni kosa mpaka akatoka nje kuangalia. Kisha wakakata watu. Wastani wa mita 1.45, kwa hiyo milimita 29 kila mmoja, manila ya bluu na nyeupe, jina limeandikwa mgongoni kwa penseli iliyochongwa vizuri. Themanini na nne.

Kuwapanga ndiko kulikochukua siku mbili. Watatu kila dawati, mabega yanapandana. Wa katikati ukimweka, wa pembeni anaanguka. Mmoja wao akapiga hesabu ambayo sikuiomba: mita za mraba 63 gawa kwa 84 ni 0.75 kwa kila mtoto, kabla hujaondoa meza ya mwalimu. Mlango wa darasa una mita za mraba 1.8. "Kumbe kila mtu ana chini ya nusu mlango," akasema, na akarudi kubandika watu.

Siku ya Wazazi, saa mbili asubuhi, mwalimu mkuu alipita kukagua meza. Aliupenda Mnara wa Eiffel. Aliipapasa Fort Jesus. Kwenye boksi la darasa alisimama muda, akainama, akatafuta, nadhani, kama yeye mwenyewe yumo.

"Mwalimu, hii ni nzuri sana. Ila wapunguze kidogo hawa."

"Wabaki wangapi, mkuu?"

"Arobaini na tano. Si ndiyo inayotakiwa kwa darasa? Mgeni asije akadhani tunafuga kuku."

Si mtu mbaya. Ameandika barua za kuomba madarasa mpaka wino umemwishia. Niliwaita wale tisa nikawaambia watoe watu 39. Waliangaliana. Mkubwa wao akauliza watoe akina nani, nikasema yeyote. Akachukua kibano cha mkebe wa jiometri, akaanza kuwatoa mmoja mmoja, anasoma jina mgongoni kwanza, wenzake wanakubali au wanakataa. Mimi nikaenda kupanga viti.

Mgeni rasmi alifika saa tano. Watoto wakasema shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba, akapita meza kwa meza na wapiga picha wake. Kwenye boksi la darasa akasimama. Ndani palikuwa pamepangika, watoto 45, kuna hadi njia ya kupita. Nje, chini ya kijiti cha mwarobaini, walikuwa wamebandikwa wengine 39, wamekaa safu sita nadhifu, wote wameelekezwa kwenye dirisha la darasa, ndani ya duara lililochorwa kwa penseli. Lilikuwa kivuli cha mwembe. Walikipima saa tano.

"Na hawa wa nje," akauliza, "wanafanya nini?"

"Michezo, mheshimiwa," akasema mwalimu mkuu.

Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa, akaomba apigwe picha na Mnara wa Eiffel.